Muhula wa Mguu Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Muhula wa mwisho umeanza na mvua. Tumeingia karakanani viatu vimejaa maji, wanafunzi kumi na mmoja, na Mwalimu akatutazama mmoja mmoja kana kwamba ni sisi tuliomimina hayo maji. Tunamwita Milimita, ila si mbele yake. Anatembea na rula ya chuma kwenye mfuko wa koti lake jeupe, na kwa miaka mitatu sijamsikia akimwambia mtu kwamba kazi yake ni nzuri. Husema, "Umekosea milimita tatu," au husema, "Rudia," basi.

Leo amesema zaidi ya hapo. Kila mmoja wetu atapewa mgonjwa mmoja aliyekatwa mguu. Tutampima, tutamtengenezea mguu wa bandia, tutamzoesha kuutumia, na tarehe 27 Mei atatembea mbele ya watahini kutoka nje ya chuo. Akitembea, tumefuzu. Asipotembea, tunarudia mwaka.

"Siku hiyo watahini hawatawatazama ninyi," akasema. "Watautazama mguu. Na mguu haujui kubembeleza."

Kengele, mwenzangu wa chumba, akaninong'oneza kwamba yeye tayari anarudia mwaka. Kunong'ona kwake kulisikika mpaka dirishani. Jina hilo hakulipata bure.

Jumatano, 6 Machi

Wagonjwa tumegawiwa kwa kura. Kengele ameangukia kijana mcheza mpira, mcheshi, ambaye kigutu chake, yaani kile kipande cha mguu kilichobaki, kimekaa vizuri kama picha ya kitabuni. Kengele aliruka juu kwa furaha.

Mimi nimeangukia mama mshonaji wa miaka hamsini na tisa, mwenye kisukari, aliyekatwa mguu wa kulia chini ya goti mwaka juzi. Mtaani kwake wanamwita Mama Pindo. Aliingia kwa magongo mawili, akakaa, akanitazama kuanzia viatu mpaka utosini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Daktari yuko wapi?"

"Ni mimi nitakayekuhudumia, mama. Niko mwaka wa mwisho."

"Hilo koti nani kakushonea?"

"Tumepewa chuoni."

"Mabega yamepishana. Moja liko juu, jingine linaomba radhi." Akanyoosha kigutu chake. "Haya, pima. Ila nikuambie mapema, mimi sitaki mguu wa kwendea harusini. Nataka mguu wa kukalia cherehani. Miaka miwili nakanyaga kwa mguu mmoja, kiuno kimekwisha."

Nikacheka. Kwenye fomu, penye lengo la mgonjwa, nikaandika: *Kutembea.*

Alhamisi, 7 Machi

Nimemzungushia kigutu bandeji za plasta ili nipate umbo lake. Amelalamika kwamba maji ni ya baridi, kwamba mikono yangu ina haraka, na kwamba msichana wa umri wangu asiyevaa hereni anajidhulumu. Umbo limetoka safi.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Plasta haijakauka.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Plasta haijakauka.

Jumatatu, 11 Machi

Jua lilichungulia saa nne. Sote kumi na mmoja tukatoa nje vigutu vyetu vya plasta, tukavipanga ukutani vipate joto. Saa tano mvua ikarudi. Tulivyokimbia tumevikumbatia kifuani, mlinzi wa geti alisimama akidhani tumeiba watoto wachanga.

Jumapili, 17 Machi

Baba amepiga simu. Baba ni seremala, na ndiye aliyenilea peke yake tangu mama afariki nikiwa darasa la tano. Nusu ya milango ya mtaa wetu imepita mikononi mwake.

"Shangazi yako kakutafutia nafasi ofisini kwao," akasema. "Mapokezi. Meza, feni, na kiti kinachozunguka. Unaanza Julai."

"Baba, mimi nasomea miguu ya bandia."

"Najua, mama, najua. Lakini si umeniambia mwenyewe kwamba ni kazi ya vumbi? Vumbi nimelila mimi miaka thelathini ili wewe usilile."

Alikuwa na furaha sana. Nilimwona kabisa, penseli sikioni, akitabasamu na simu. Nikasema, "Sawa, baba." Kisha nikakaa kitandani nikiichukia sauti yangu. Mtu wa miaka ishirini na minne anasema "sawa" kama anatumwa dukani.

Jumanne, 19 Machi

Leo tumepasha plastiki kwenye tanuri mpaka ikalegea, tukaivisha juu ya umbo la plasta. Hicho ndicho kikombe, mahali kigutu kinapokaa, na mguu mzuri au mbaya huanzia hapo. Nimekikata ukingo, nimekipiga msasa mpaka kikateleza. Milimita akakipindua, akapitisha kidole ukingoni, akakitazama kwenye mwanga.

"Si mbaya," akasema.

Kengele ameniambia niiandike tarehe hii. Nimeiandika.

Ijumaa, 22 Machi

Mama Pindo amesimama! Kati ya zile fito mbili za chuma za kushikilia, jasho likimtiririka, lakini amesimama kwa miguu miwili. Akajitazama kwenye kioo kirefu akasema, "Kumbe bado ni mrefu." Nilimshika kiuno huku nimetazama dari, maana machozi yalikuwa karibu.

Alhamisi, 28 Machi

Anatembea kwa gongo moja. Milimita ametupita mara mbili bila kusema "Rudia."

Mama Pindo amesema kitu kinambana nyuma ya goti anapokaa. Nikaangalia. Ngozi ilikuwa nyekundu kidogo tu, na kikombe kilikuwa kizuri mno kukigusa tena kwa msasa.

"Ni kigeni bado, mama. Utazoea."

"Nitazoea?"

"Utazoea."

Ijumaa, 5 Aprili

Mama Pindo ameruhusiwa kwenda na mguu nyumbani. Ameondoka na mguu wangu chini ya gauni lake. Wa kwanza kuruhusiwa kati ya wagonjwa wote kumi na mmoja. Kengele ananiita Profesa, na sijamkataza.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Mitihani ya nadharia. Nimeandika mpaka kidole kimeota sugu.

Jumatatu, 15 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Mama Pindo alikuja saa tatu asubuhi kwa magongo mawili. Mguu ulikuwa kwenye mfuko wa plastiki, kama kitu anachokirudisha dukani. Hakunitania koti wala hereni. Akakaa, akavuta gauni, akageuza kigutu.

Nyuma ya goti, pale pale, palikuwa na kidonda. Ukubwa wake ni kama ukucha wa kidole gumba, kimelowa, na pembeni ngozi imegeuka rangi. Kwa mtu mwenye kisukari, kidonda cha namna hiyo si kidonda tu. Mguu wake wa kwanza ulianza kuondoka kwa kidonda kidogo kuliko hicho. Alishanisimulia.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu siku uliponiambia nitazoea." Hakupandisha sauti. "Nilijitahidi kuzoea."

Milimita alikuja, akachuchumaa, akatazama muda mrefu. Alimshika Mama Pindo mkono yeye mwenyewe akampeleka chumba cha vidonda, mimi nikiwafuata nyuma nimebeba mfuko. Muuguzi alisafisha, akapima, akaandika. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetaja saa, "Mngechelewa wiki moja, leo tungekuwa tunalizungumzia goti."

Goti. Ningempotezea mtu goti lake kwa ajili ya "si mbaya" moja.

Nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya karakana mpaka kengele ya chakula. Nimejaribu kumlaumu Milimita, maana na yeye alikikagua kikombe. Nimejaribu kulaumu kisukari. Nimejaribu hata kumlaumu Mama Pindo, kwa nini hakupiga kelele? Lakini alisema. Alisema kwa Kiswahili, nikiwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Nilisikia, na nikachagua kikombe changu.

Kengele alikuja akakaa kando yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikaa kimya.

Jumanne, 16 Aprili

Milimita aliniita ofisini. Rula ilikuwa mezani.

"Nani amekosea?"

"Mimi, Mwalimu."

"Umekosea wapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Basi hujakiri bado. Umeomba radhi tu."

Akanieleza kanuni. Mgonjwa akipata tatizo la kiafya, mwanafunzi anaruhusiwa kubadilishiwa. Kuna mpiga rangi wa nyumba kwenye orodha ya wanaosubiri, kijana, mwenye afya, aliyeanguka kutoka juu ya ngazi. Wiki sita zinatosha kabisa. Mama Pindo atahudumiwa na chuo baadaye, kidonda kikipona.

"Na kidonda cha kisukari hakisomi kalenda," akasema. "Kinaweza kupona wiki tatu. Kinaweza kupona miezi mitatu. Nataka jibu kesho jioni."

Kengele anasema nimchukue mpiga rangi. Darasa zima linasema nimchukue mpiga rangi. Mimi mwenyewe ninapoandika hapa, nasema nimchukue mpiga rangi.

Jumatano, 17 Aprili

Nimekwenda kwa Mama Pindo. Nilikusudia kumwomba msamaha na kumuaga.

Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya duka la viatu. Dirisha moja, meza ya kukatia, nguo za watu zimening'inia ukutani, na cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, ya zamani, iliyong'aa kwa kufutwa. Alikuwa anashona. Hakusimamisha.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Nimekasirika," akasema, macho kwenye kitambaa. "Usidhani kwa sababu mimi ni mtu wa mzaha basi sikasiriki. Nilikaa nalia na huo mguu. Nilisema, labda mimi ndiye mjinga, wasomi wamesema nitazoea."

Nikakaa kwenye benchi. Alishona. Nilikaa saa nzima, pengine zaidi, na kwa kuwa sikuwa na mahali pa kuweka macho, nikawa namtazama.

Hakusimama hata mara moja. Mtu huyu alikaa. Goti la kushoto limekunjwa, likipanda na kushuka na kanyagio. Goti la kulia nalo limekunjwa, kigutu kinachezacheza hewani kikitafuta kanyagio lake. Siku nzima magoti yake yamekunjwa. Mimi nilimpima amesimama, nikamwegemeza, nikamtembeza, nikasifiwa. Nikakata ukingo wa nyuma juu, mzuri, wa kitabuni, na kila alipokaa, ule ukingo ukaingia kwenye mishipa ya nyuma ya goti. Saa tisa kwa siku.

Nikasimama ghafla mpaka benchi likaanguka.

"Mama, ulisema siku ya kwanza. Ulisema mguu wa kukalia cherehani."

Akasimamisha cherehani.

"Nilisema."

"Mimi nikaandika kutembea."

Akanitazama tena, kuanzia viatu mpaka utosini, kama siku ile. Kisha akavuta futi yake ya kupimia kutoka shingoni akanitupia. "Basi pima sasa. Nimekaa."

Jioni niliingia ofisini kwa Milimita bila kubisha hodi, kosa ambalo sikumbuki mtu kulifanya akabaki mzima.

"Ukingo wa nyuma, Mwalimu. Nilimpima amesimama na yeye maisha yake ni kukaa. Na aliponiambia inauma, sikutaka kukiharibu kikombe."

"Na mpiga rangi?"

"Mpe mwingine."

"Kidonda kisipopona?"

"Nitarudia mwaka."

Alichukua rula mezani akairudisha mfukoni. "Sawa," akasema. Hajawahi kuniambia neno hilo.

Jumamosi, 20 Aprili

Chumba cha vidonda. Hakijapungua.

Jumatano, 24 Aprili

Chumba cha vidonda. Muuguzi anasema kimekauka pembeni. Mvua.

Jumamosi, 27 Aprili

Chumba cha vidonda. Kidogo kimepungua. Tunapongoja zamu Mama Pindo ananifundisha kutazama watu. Nguo ya mtu, anasema, inachakaa pale anapoishi. Kiwiko kikichakaa, huyo ni wa mezani. Goti likichakaa, huyo ana watoto wadogo au bustani. Kwa wiki nzima natazama suruali za watu hadi walimu wananishangaa.

Alhamisi, 2 Mei

Mcheza mpira wa Kengele amepanda ngazi mbili mbili. Nimempigia makofi kwa moyo wote. Kwa moyo karibu wote.

Jumamosi, 4 Mei

Kidonda sasa ni kama punje ya mahindi.

Jumatano, 8 Mei

Kama punje ya mchele.

Ijumaa, 10 Mei

Muuguzi alipitisha kidole, akapitisha tena, akavua miwani. "Ngozi imefunga," akasema. Mama Pindo alimshika mashavu yote mawili akamwita mwanangu, na muuguzi mwenyewe ana wajukuu.

Zimebaki siku kumi na saba.

Jumatatu, 13 Mei

Siku hii sitaisahau.

Mama Pindo amekaa, ndoo iko tayari, bandeji ziko tayari. Milimita akaingia, akavua koti lake jeupe, akavaa aproni ya wanafunzi, ile chafu yenye kamba iliyokatika.

"Leo wewe ndiye fundi," akasema. "Mimi ni msaidizi. Niambie nifanye nini."

Nilidhani ananitania. Lakini alisimama pale, mikono mbele, akingoja. Ikabidi niagize. Nikasema maji yawe ya uvuguvugu, akaenda akayaleta ya uvuguvugu. Nikasema bandeji ya kwanza, akanipa. Nikasema, "Shika goti, Mwalimu, linyooshe," akalishika, akalinyoosha. Nikaanza kuzungusha.

Mzunguko wa tatu mkono wangu ukaganda. Goti nimelinyoosha! Kosa lile lile, la mara ya kwanza. Ili mishipa ya nyuma ijioneshe kwenye plasta, goti lilitakiwa likunjwe kidogo. Yeye alijua. Alikuwa amelishika vile nilivyomwagiza kukosea, ananitazama bila kupepesa.

Plasta ilikuwa imeshaanza kushika. Mama Pindo alikuwa ananitazama. Ilikuwa rahisi kuendelea.

"Tunakata," nikasema. "Tunaanza upya. Mama, samahani, nimekosea. Goti likunjwe."

"Sawa, fundi," akasema Milimita.

"Afadhali," akasema Mama Pindo. "Mimi nguo nikikosea nafumua. Anayeona aibu kufumua aende akauze vitunguu."

Tulipomaliza nikamfuata Milimita kwenye sinki. "Mwalimu, uliona. Kwa nini hukuniambia?"

Aliosha vidole kimoja kimoja. "Mwakani utakuwa peke yako na mgonjwa. Mimi nitakuwa wapi?" Akajifuta mikono. "Nilitaka nijue leo, si mwakani."

Miaka mitatu nilidhani mtu huyu anafurahia kutuona tukihangaika. Ana wanafunzi kumi na mmoja kila mwaka, na kila mwaka anawaachia waende zao kwenye miguu ya watu asiowajua. Mimi ningekuwa yeye nisingelala.

Jumanne, 14 Mei

Plasta inakauka. Hakuna mvua tangu jana.

Nimempigia baba simu kabla ujasiri haujapoa.

"Baba, mwambie shangazi namshukuru sana, lakini sitakwenda."

"Umepata kazi?"

"Bado."

"Sasa unakataa ulichopata kwa ajili ya ambacho hujapata?"

"Ndiyo, baba."

Nilisikia randa ya mtu mwingine ikipita kwenye ubao huko kwake.

"Mama, mimi nimekusomesha upumzike."

"Najua, baba. Na sikuombi uache kunionea huruma. Ila kazi hii naipenda, na naiweza. Karibu naiweza."

"Haya," akasema, akakata.

"Haya" ya baba isiyofuatwa na neno jingine ni mlango uliofungwa. Lakini sauti yangu sikuichukia.

Jumatatu, 20 Mei

Kikombe kipya. Ukingo wa nyuma nimeushusha na kuukunja kwa nje kama mdomo wa birika. Si kizuri kama kile cha kwanza. Mama Pindo amekivaa, amekaa dakika thelathini saa mkononi, tumekivua, tumetazama ngozi. Safi. Saa nzima. Safi.

"Inauma?" nimemuuliza mara arobaini.

"Kinachouma ni masikio," amesema.

Alhamisi, 23 Mei

Leo nimempeleka kwenye cherehani yake.

Aliweka mguu wa kushoto kwenye kanyagio. Kisha akaushika ule wa kulia kwa mikono, akauweka kando ya mwenzake, akautuliza. Akapumua. Paja likasukuma, kanyagio likashuka kwa mguu wangu, likapanda kwa mguu wake, likashuka. Mwanzo ilikuwa kama mtu anayejikwaa. Halafu ikashika. Miaka miwili cherehani hiyo ilikuwa ikienda kwa kuchechemea, na sasa ilikuwa inakimbia, mfululizo, bila pengo.

Muuza viatu wa duka la mbele akachungulia mlangoni. "Mama Pindo, umenunua cherehani mpya?"

"Cherehani ni ile ile!" akajibu kwa kelele, bila kusimamisha. "Mimi ndiye mpya!"

Wakaja na wengine, mlango ukajaa watu. Alishona pindo la pazia zima, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na hakuna aliyeondoka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza natazama nyuma ya goti lake, nikilia kama mjinga, na nilifurahi kwamba hakuna anayeniona.

Jumatatu, 27 Mei

Watahini walikuwa wawili, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia shingoni na mwanamume mwenye saa ya kuhesabia sekunde. Mcheza mpira wa Kengele alifungua dimba. Watu walisahau kwamba ni mtihani, wakapiga makofi.

Zamu yetu ilikuwa ya tisa. Mama Pindo alivaa gauni alilolishona mwenyewe, viatu vyeusi, na hereni. Alitembea mita kumi kwenda na kurudi. Alipanda mwinuko, akashuka. Kwenye ngazi alisimama chini kwanza. Akapanda ngazi sita, moja moja, bila haraka, akageuka juu akatutazama sote kama mtu anayehesabu wageni wake, akashuka.

"Kaa, mama," akasema mtahini mwanamke. Akachuchumaa, akapitisha kidole nyuma ya goti. Kidole kikasimama. Akaniita.

"Ukingo huu umeushusha kuliko kitabu kinavyosema. Kwa nini?"

"Kwa sababu anakaa saa tisa kwa siku. Ni mshonaji. Wa kwanza niliukata kama kitabu, ukamtia kidonda. Kosa lilikuwa langu."

Milimita alikuwa amesimama ukutani. Sikumtazama.

"Nani kakufundisha kuukunja hivi?"

Nikamwonesha Mama Pindo. "Yeye."

"Na nilipata tabu," akasema Mama Pindo. "Huyu mwanafunzi ni mgumu wa kusikia, lakini akishasikia, kasikia."

Mtahini mwanamume alicheka mpaka saa ikamponyoka.

Ijumaa, 31 Mei

Nimefuzu. Sote kumi na mmoja tumefuzu! Kengele amepiga ukelele ambao nadhani umesikika mpaka kwao.

Milimita alinipa bahasha. Hospitali ya mji wa jirani inahitaji fundi wa miguu. Alishawaandikia jina langu tangu tarehe 13 Mei, siku ile niliyokata plasta. "Uripoti tarehe mosi Julai," akasema. "Na ukikosea, fumua."

Nimemtumia baba ujumbe. Nimemwandikia tarehe ya mahafali. Hajajibu.

Jumamosi, 15 Juni

Baba alikuja.

Nilimwona nikiwa kwenye foleni na joho langu, amesimama nyuma kabisa ya ukumbi, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Jina langu lilipoitwa alipiga makofi baada ya wengine wote kuacha, peke yake, mara tatu, akaona haya akakaa.

Baadaye, uwanjani, tulisalimiana kwa tahadhari. Aliniuliza kama nimekula. Nikamuuliza safari. Hatukugusa habari ya shangazi. Kengele akaniita tupigwe picha, na niliporudi nikamkuta baba anazungumza na Mama Pindo. Walikuwa wamesimama kwenye nyasi wanabishana kuhusu mbao na vitambaa, kipi kinasinyaa vibaya zaidi kikipata maji. Walibishana robo saa. Sikuingilia. Kisha Mama Pindo akaona mtu anayemfahamu, akaaga, akavuka uwanja kwenda kumsalimia.

"Mama mwerevu yule," baba akasema. "Na huyo mgonjwa wako uliyemtengenezea mguu, hakuja?"

"Umeongea naye sasa hivi, baba."

Akageuka. Mama Pindo alikuwa anakuja tena kwetu, anapita kati ya viti.

"Yule?"

"Yule."

Baba akapiga hatua mbele, akainama kidogo, jicho moja amelifinya, namna anavyotazama ubao kama umenyooka. Mama Pindo akamwona, akaelewa papo hapo. Bila kuombwa akageuka, akatembea mpaka kwenye nguzo, akarudi, akatembea tena, taratibu, mikono nyuma, amefurahi kupita kiasi.

"Haya, fundi wa mbao," akasema. "Upi?"

Baba alichukua muda wake. Alichuchumaa. Alisimama. Aliomba atembee mara nyingine.

"Wa kushoto," akasema mwishowe.

Mama Pindo alicheka mpaka akashika kiti. Akapandisha gauni kidogo upande wa kulia, akagonga kwa kifundo cha kidole, ko ko ko.

Baba hakucheka. Alitazama ule mguu, kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kama mtu aliyeingia nyumba anayoijua akakuta chumba asichowahi kukiona. Akapangusa viganja vyake kwenye suruali.

"Ulianzia wapi kupima?" akauliza.

Nikamwambia. Akauliza kwa nini pale. Nikamweleza habari ya kukaa na kusimama. Akauliza plastiki inasinyaa kiasi gani ikipoa, na ninafanyaje isininyang'anye vipimo. Nikachuchumaa nikamchorea kwenye vumbi kwa kijiti, naye akachuchumaa kando yangu, akaninyang'anya kijiti, akachora anavyofikiri yeye, nikamwambia hapana, si hivyo, akasema nioneshe basi. Wahudumu walikuja kukusanya viti. Walituzunguka, wakaviondoa vyote, na sisi tulikuwa bado chini, tunachora.